Niko bize lakini kazi haitoki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekula chumvi nyingi katika kazi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nilianza nikiwa karani wa kukimbiza faili, nikaja kuwa msimamizi wa makarani. Siku hizi nawafunza vijana wanaoingia kazini, na kila kundi jipya huja na maswali yaleyale. Nimeyaweka hapa ili nisiyarudie kila mwezi. Mifano mingi ni ya bandarini kwa sababu huko ndiko nilikozeekea, ila mwenye duka na fundi nao watajiona.

Kuwa bize na kufanya kazi si ni kitu kimoja?

Bandari itakufunza haraka kwamba sivyo. Mteja ana kontena lake Kilindini, bandari yetu. Hajali umepiga simu ngapi, umepanda ngazi za ofisi ngapi, wala umesimama foleni ya nani. Ana swali moja: "Umetoka?" Anauliza mzigo. Ukimweleza kwamba tangu asubuhi hujapata hata nafasi ya kunywa maji, atakupa pole, tena pole ya dhati, kisha atauliza tena: "Sasa umetoka?"

Huku siku za bure za kuweka mzigo bandarini zikiisha, storeji, yaani ada ya kuuhifadhi, inaanza kuhesabiwa, na wenye meli nao wanadai siku za kontena lao. Saa haikuhurumii kwa sababu umetokwa na jasho.

Basi mimi hupima hivi: tija ni kile kilichotoka mezani pako kikiwa kamili, kikamfikia anayekihitaji, na hakikurudi. Hayo mengine yote ni pilikapilika. Pilikapilika nyingine hazina budi, sikatai. Foleni ni foleni. Lakini usizihesabu kama kazi iliyotoka.

Nitajuaje niko upande gani?

Nunua daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila ulichokigusa leo, hata kama ni dakika tano. Kulia andika kilichotoka. Fanya hivyo wiki moja, Jumatatu hadi Jumamosi mchana, na usimwonyeshe mtu, maana ukijua litasomwa utaanza kujipamba.

Ukurasa wangu wa kwanza ninao hadi leo. Kushoto kuna mistari ishirini na saba. "Kumpigia mteja wa mitumba." "Kutafuta faili ya matairi." "Kwenda Posta, mtu hayuko, kurudi." "Kurekebisha printa." "Kumpigia tena mteja wa mitumba." Halafu alasiri, kwa mwandiko uliochoka, "kutafuta faili ya matairi" kwa mara ya pili. Kulia kuna mistari miwili. Na ile faili ya matairi ilikuwa chini ya sinia la chai, imepigwa duara la rangi ya kahawa mahali birika lilipokalia.

Niliudhika siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kukaripiwa. Mwisho wa wiki nikajumlisha: kitu kilichokula muda wangu kuliko vyote kilikuwa kutafuta karatasi. Wateja hawakufikia hapo, wala foleni. Nikaenda duka la jirani nikaomba katoni tatu tupu za mafuta ya kupikia, nikaziandika kwa kalamu nene: ANASUBIRI NYARAKA, ANASUBIRI MALIPO, ANASUBIRI LORI. Kila faili lazima lilale katika katoni mojawapo. Bosi alizicheka zile katoni kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kuchungulia ya malipo kabla hajaniuliza chochote.

Daftari lako halitakuonyesha katoni. Litakuonyesha jambo lako mwenyewe, na ndiyo maana sikupi jibu kabla hujaliandika.

Mbona kazi ya saa moja inanichukua siku nzima?

Kwa sababu umeipa siku nzima. Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, aliandika makala katika gazeti la The Economist mwaka 1955 akasema kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Alitoa mfano wa bibi kizee asiye na shughuli, anayemaliza siku nzima kumpelekea mpwa wake kadi ya posta: kuitafuta kadi, kuisaka miwani, kuitafuta anwani, kuamua abebe mwavuli au asibebe.

Watu huishia hapo kwa bibi na kadi yake, lakini mimi wa bandarini nilipendezwa zaidi na hesabu aliyoifanya kuhusu jeshi la majini la Uingereza. Kati ya 1914 na 1928 manowari kubwa zilipungua kutoka 62 hadi 20. Maofisa wa makao makuu yake waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zinapungua, makarani wanaongezeka, na nina hakika kila mmoja wao alirudi nyumbani jioni akisema leo nimechoka.

Dawa yake si ngumu: ipe kazi mpaka wa muda. Badala ya kusema "leo nitaandika ile barua", sema "itakuwa imetoka kabla ya adhana ya adhuhuri". Hapa mjini adhana husikika kila mtaa, huhitaji hata kutega kengele ya simu.

Asubuhi nianze na nini?

Anza na kile kinachokutia uzito tumboni. Unakijua. Kimekaa tangu Alhamisi.

Saa zetu za Kiswahili zina busara ambayo hatuitumii: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Mtu anayefungua kazi saa mbili tayari yumo katika saa ya pili, jua halijawa kali, akili bado ni mbichi. Kuanzia hapo hadi saa nne ndipo mimi niliposhughulikia nyaraka zenye hesabu: thamani, ushuru, mizani. Kuanzia Januari hadi Machi, ikifika saa saba feni inapeperusha joto tu, na huo ndio wakati wa kupiga simu, kupanga faili na kwenda kuchukua mihuri.

Wengi hufanya kinyume. Asubuhi wanafungua barua pepe na kujibu kila moja kwa sababu kujibu ni kwepesi na kunatia raha. Wakishtuka ni saa tano, kazi ngumu inawatazama, na wao wamebakiwa na akili ya kusaini risiti.

Kikundi cha WhatsApp cha ofisi kinanimaliza. Nikikinyamazisha nitaonekana nina kiburi.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote siku hizi, na sitalijibu kwa mstari mmoja.

Kwanza elewa kinachokupata. Mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti mwaka 2009 kuhusu watu wanaoruka kutoka kazi moja hadi nyingine kabla ya kumaliza ile ya kwanza. Aligundua kwamba sehemu ya mawazo hubaki kule walikotoka, na ile kazi ya pili huharibika kidogo kwa sababu hiyo. Ni kama kuinua ndoo kutoka kisimani huku kamba ya ndoo nyingine bado iko mkono wa pili. Kwa hiyo tatizo si ile nusu dakika ya kusoma ujumbe. Tatizo ni kwamba ukirudi kwenye hati yako, akili bado inajibizana na yule wa kikundini.

Pili, tazama kikundi chenyewe kina nini. Fungua cha kwenu sasa hivi uhesabu ujumbe thelathini wa mwisho. Cha kwetu kilikuwa na salamu za asubuhi zenye maua, dua, mchango wa harusi, picha ya risiti isiyosomeka, "sawa", "sawa", "sawa", "noted" ya yule anayependa kuonekana, na katikati yake, pweke kama mgeni asiye na mwenyeji, ujumbe mmoja uliosema meli imebadilishiwa gati. Ule mmoja ndio uliokuwa kazi. Watatu kati yetu hatukuuona.

Tulichofanya ni kuzaa kikundi cha pili. Cha kwanza kikabaki cha salamu, misiba na harusi, na kila mtu akawa huru kukinyamazisha mchana. Cha pili kikawa na sheria moja: ukiandika humo, taja namba ya faili, taja unamtaka nani, taja mwisho wake ni lini. Bila hivyo ujumbe haujibiwi. Na lililo la dharura kwelikweli halipiti huko kabisa, linapigiwa simu.

Kuhusu kiburi: waambie watu mapema. "Kuanzia saa mbili hadi saa nne niko kwenye hesabu, nitawajibu saa nne. Ikiwa moto unawaka, nipigieni." Anayeagwa hanuni. Anayenuna ni anayeachwa kimya.

Lakini mimi ninaweza kufanya mambo mengi kwa pamoja.

Nilisema hivyo pia. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilikuwa nimeshika nne.

Ilikuwa Ijumaa. Simu imebanwa begani, mwenzangu ananionyesha picha za harusi ya binamu yake, chai inapoa, nami naandika barua ya kuagiza lori. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Ile tarakimu ya mwisho huwekwa kwa ajili ya ukaguzi: inapatikana kwa kukokotoa zote zilizotangulia, hivyo ukikosea moja, kwa kawaida mashine hukataa. Lakini barua ya lori hakuna mashine iliyoikagua. Ilikuwa karatasi tu, na mimi penye nane nikaandika tatu.

Dereva alifika getini alasiri, akarudishwa. Ofisi zilikuwa zinafunga. Mzigo ulitoka Jumanne.

Bosi hakunikata mshahara. Alinipa simu tu, akaniambia nimpigie mteja mwenyewe nimweleze kwa nini analipa storeji ya siku nne. Ningependelea kukatwa.

Mkubwa ananiongezea kazi kila siku. Nitakataaje bila kumvunjia heshima?

Usikatae. Kwetu mtoto hamkatalii mzee mbele ya watu, na hata ukiwa na haki utaonekana huna adabu. Mpe achague.

Mfano: unaletewa faili la tatu. Simama, lipokee kwa mikono miwili, halafu sema: "Sawa mzee, nimelipokea. Ninalo hili la mchele, siku zake za bure zinaisha kesho. Ninalo la mitambo, mteja anakuja saa nane. Sasa na hili. Nikianza na hili, la mchele litaingia storeji. Ungependa lipi litangulie?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Vijana wengi huharibu hapo, wakaanza kueleza na kuomba radhi, hadi mzee akasahau kwamba aliulizwa.

Mara nyingi atakuambia endelea na la mchele. Mara nyingine atasema yote matatu leo. Basi muulize nani atakusaidia kukimbia hadi mtaa wa Shimanzi, kwa sababu mwili ni mmoja. Na akishachagua, andika ujumbe mfupi: "Kama tulivyosema, naanza na la mchele, hili jipya nalishika kesho asubuhi." Ujumbe huo hauandikwi kwa ubaya. Ni kwamba wakubwa wana mambo mengi, na mtu mwenye mambo mengi husahau alichokichagua.

Mama mmoja aliyenisimamia zamani alikuwa akijibu lile swali langu kwa swali: "We waonaje, mwanangu?" Nilidhani ananitega. Kumbe alitaka kujua kama ninazijua tarehe za faili zangu.

Kwetu anayeondoka mwisho ndiye mchapakazi. Nifanye nini?

Katika ofisi moja niliyopitia kulikuwa na jamaa aliyeacha koti lake kwenye kiti. Februari, Mombasa, koti! Lilikuwa la kijivu, lilifika kazini kabla yake na kuondoka baada yake, au tuseme halikuondoka kabisa. Yeye alikuwa baraza la kahawa mtaa wa nyuma. Bosi akipita alisema, "Huyu naona yupo." Koti lile lilifanya saa nyingi kuliko sisi sote.

Usimcheke bosi. Anayepima kwa kuona viti amekosa kitu kingine cha kupimia, basi mpe. Kila jioni mwandikie mistari mitatu: kilichotoka leo, kilichokwama na nani amekishika, kinachotoka kesho. Mitatu tu. Ukiandika kumi hatasoma. Baada ya wiki tatu hivi ataanza kukuuliza kuhusu mistari badala ya kiti, na kama ana akili atawadai na wengine. Hapo koti litarudi nyumbani lenyewe.

Wapo wakubwa ambao hata hilo haliwabadilishi. Nimefanya kazi chini ya mmoja, miaka miwili. Nilikaa hadi saa kumi na mbili jioni kila siku kama alivyotaka, nikatumia saa ya mwisho kusoma sheria za forodha. Zilinifaa nilipohama.

Na mikutano?

Ikiwa hakuna uamuzi unaohitajika, tumeni ujumbe. Ikiwa upo, simameni. Mkutano wa kusimama kwenye chumba kisicho na feni haujawahi kuvuka robo saa.

Mimi si mtu wa ofisi, nakaanga mahamri Majengo. Haya yananihusu?

Wewe ndiye tunayepaswa kujifunza kwako. Mteja wako wa mahamri na mbaazi anataka kula kabla ya saa moja na nusu, aende kazini. Ukianza kukanda alfajiri umechelewa, kwa hiyo unakanda usiku, hamira inafanya kazi nawe umelala. Mbaazi umeloweka. Nazi umeikuna. Asubuhi kazi yako ni moja: kusukuma, kukata, kutia katika mafuta. Karani gani anayeiandaa kesho yake hivyo?

Ila nina swali kwako. Unafunga saa ngapi? Dada mmoja ninayemnunulia alikuwa akikaa kibandani hadi saa saba mchana, "kwa sababu labda atakuja mtu". Akaanza kuweka hesabu ya mahamri yanayotoka kila saa. Hadi saa tatu alikuwa ameuza karibu yote. Kuanzia hapo hadi saa saba aliuza ya kuhesabika kwa vidole, huku makaa yakiwaka. Sasa anafunga saa tatu na nusu, anakwenda soko la Kongowea kununua nazi yeye mwenyewe badala ya kuuziwa na mchuuzi. Faida yake iliongezeka kwa kukaa kidogo.

Mwenye bodaboda naye ahesabu safari zenye abiria. Kuzunguka mji mzima ukitafuta mteja ni kuchoma petroli. Mwendo upo, kazi haipo.

Sistimu ikilala nifanye nini? Umeme je?

Weka orodha ya kazi zisizohitaji mtandao, ibandike ukutani. Yangu ilikuwa na kupanga katoni, kukagua orodha za bidhaa kwa kalamu, na kuwapigia wateja wanaodaiwa. Bila orodha, sistimu ikilala ofisi nzima hulala nayo, kisha ikiamka wote wanaivamia kwa pamoja.

Ile mbinu ya dakika 25 inafaa?

Ilianzishwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndiyo maana inaitwa Pomodoro, nyanya kwa Kiitaliano. Unafanya kazi dakika 25 bila kugusa kitu kingine, unapumzika tano, na kila baada ya duru nne unapumzika zaidi.

Inamfaa mtu anayeogopa kuanza. Dakika 25 hazimtishi mtu. Kwangu mimi zilikuwa fupi mno kwa hati yenye bidhaa arobaini: kengele inalia ndiyo kwanza nimeshika mstari wa kumi na tano. Nilitumia dakika hamsini. Chukua wazo, urefu wake upange mwenyewe.

Nikibaki hadi usiku, si nitamaliza zaidi?

Kwa siku mbili tatu, ndiyo. Meli ikiingia na shehena ya msimu, tutakesha, hakuna ujanja. Ikiwa kila wiki ni hivyo, hapana.

Mchumi John Pencavel alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa kumbukumbu za wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliotengeneza silaha Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vitu vilivyotengenezwa vilihesabiwa kimoja kimoja, hakuna koti la kudanganyia. Hadi karibu saa 50 kwa wiki, saa zikiongezeka na bidhaa ziliongezeka sambamba. Kupita hapo kila saa ilileta kidogo kuliko iliyotangulia. Waliofanya saa 70 hawakuzidi sana waliofanya 56. Saa kumi na nne za mwanadamu zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye uchovu, na katika kazi yetu uchovu huandika tatu penye nane.

Na ujue haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12. Nimewaona watu wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo miaka mitatu. Mara nyingi wao ndio faili zao hakuna mwingine anayeweza kuzisoma.

Ramadhani tunafanyaje?

Panga upya, usijifanye mwezi ni kama mingine. Aliyekula daku ana nguvu asubuhi, basi hesabu na maandishi ziwe kabla ya saa sita. Alasiri iwe ya kazi za mkono. Mikutano ya saa tisa mchana ifutwe, haina faida hata kwa asiyefunga. Wenzetu wasiofunga kwetu walikuwa wakishika zamu ya jioni ili wengine wawahi futari, nasi tukawalipa Krismasi na Pasaka. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote, na sikumbuki yakivunjwa.

Naishi Likoni. Muda wangu unaishia kwenye feri.

Omba kuingia na kutoka nusu saa kabla au baada ya wenzako, uepuke ule msongamano. Ukitaka kukubaliwa, nenda na mistari yako mitatu ya jioni mkononi.

Lakini usiugeuze muda wa kuvuka kuwa wa kazi. Kila mara naona vijana wamesimama kwenye feri, mkono mmoja umeshika chuma, kidole gumba kinamjibu mteja, na majibu yenyewe yana makosa. Abiria wa miguu hawalipi nauli pale. Ni dakika chache, za bure, zenye upepo. Tazama meli.

Haya yote si ujanja wa mwajiri kutukamua zaidi?

Yaweza kuwa. Nimeona ofisi ambapo aliyemaliza mapema alizawadiwa mafaili ya mvivu. Mwezi uliofuata naye akajifunza kuchelewa, na sikumlaumu. Mwajiri anayetaka kazi itoke haraka aonyeshe mapema mwenye haraka atapata nini: pesa, au ruhusa ya kuondoka, au walau kutoongezewa mzigo wa mwingine. Asipoonyesha, uliza. Ukiuliza, njoo na daftari, ukurasa wa kulia.

Basi nikimaliza mapema, niseme au ninyamaze?

Inategemea ni nani. Kwa bosi wa kiti, kagua upya za kesho kwanza, kosa moja utalipata. Kwa bosi wa mistari, sema.

Wa kwangu wa mwisho nilimwambia siku moja, saa tisa: "Yote manne yametoka." Akazitazama katoni, zote tatu tupu, akaniuliza ninangoja nini. Nikashuka hadi Mama Ngina, pale ufukweni, nikanunua mhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, nikakaa ukutani. Meli moja ya makontena ilikuwa inaingia taratibu mlangoni mwa bandari, imejaa hadi juu. Sikuhesabu hata moja.